Nakala Isiyojaribiwa Si Nakala



Siku hizi mshahara wetu, likizo, ada ya chama na akiba ya uzeeni vyote vimeandikwa katika kompyuta. Kwa hiyo neno la kuchagua programu ya kukusanya nakala za kompyuta zote mahali pamoja si neno la mafundi peke yao. Ni neno letu pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze maandishi ya mapatano ya kazi kwa miaka 5 baada ya mtu kuacha kazi. Lakini daftari la ada na barua za mashauri ziko mikononi mwa chama chenyewe. Zikipotea, tutamdai nani?

Mimi sipingi programu ya namna hiyo. Katibu wa tawi anayetia nakala katika flashi mfukoni aweza kusahau, na flashi yaweza kupotea. Programu ya kati hunakili kila usiku bila kukumbushwa, na msimamizi huona mara moja ni kompyuta gani iliyoachwa.

Lakini tusilale. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni kubwa ya meli ya Maersk ilipigwa na programu haribifu. Kompyuta zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe, nazo zilifutwa kwa pamoja. Iliyosalia ni moja tu, huko Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ilibidi kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Basi nakala zilizofungwa katika mtandao mmoja zaweza kufa siku moja.

Kwa hiyo, kabla chama hakijatia sahihi, natoa mashauri matatu.

Kwanza, nakala moja ikae mbali, nje ya mtandao, na neno la siri la kuifungua lijulikane na wakubwa wawili, si mmoja.

Pili, matawi ya mbali yasisahauliwe. Huku Lopur, kama Kakuma na Lodwar, mtandao haufanani na wa Nairobi. Itafutwe programu ambayo, baada ya nakala ya kwanza, hupeleka yaliyobadilika tu. Na diski moja ibaki tawini, tusingoje siku nyingi kurudishiwa vitabu vyetu.

Tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ijaribiwe kurudisha. Sisi wa reli twajua: geji ya dereva ikionyesha vizuri bado haitoshi. Ni lazima breki zijaribiwe hata behewa la mwisho, ndipo gari liondoke. Vivyo hivyo muuzaji asituonyeshe taa ya kijani tu. Achukue daftari la tawi la mbali, alirudishe katika kompyuta tupu, nasi tulisome mstari kwa mstari. Na jaribio hilo lirudiwe kila baada ya miezi michache.

Wengine watasema hakuna fedha. Zipo programu zisizouzwa, kama Bacula na UrBackup. Kinachotaka fedha ni diski, na mtu aliyefundishwa na kulipwa kwa kazi hiyo.

Basi katika mkutano ujao wa tawi, kila mwanachama amwulize katibu kwa adabu: mara ya mwisho mlirudisha nini, na siku gani?

Mwanachama wa Reli,
Lopur