Samaki Hasubiri Kikao cha Mawaziri

MFEREJI wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, uliokusudiwa kupita ni meli na shehena. Samaki hakuwamo katika hesabu. Lakini mfereji huo hauna milango ya kuzuia maji, na chumvi kali ya Maziwa Machungu, iliyowazuia samaki wa Bahari ya Shamu wasifike Mediterania, ilipungua kadiri miaka ilivyopita.

Mwaka 2000 samaki mwembamba, mwenye mdomo mrefu kama bomba na mkia unaoishia kwa uzi, alionekana pwani ya Israel. Kitaalamu anaitwa Fistularia commersonii. Kwao ni miamba ya Bahari ya Hindi, ikiwamo ya Afrika Mashariki. Kufikia 2007 alikwishafika Hispania. Huko hula samaki wadogo ambao wavuvi pia huwategemea. Nchi zinazoizunguka bahari hiyo ni nyingi, na hakuna iliyoweza kumzuia peke yake.

Somo hili si geni Afrika Mashariki. Sangara, au mbuta kwa Wakenya, alipandikizwa Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Leo anajaza malori na kulipa ada za watoto wengi, lakini alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, kitoweo cha wanyonge wa pande zote za ziwa. Ni mwaka 1994 tu ndipo Kenya, Tanzania na Uganda zilipounda taasisi ya pamoja ya uvuvi wa ziwa hilo, yenye makao yake Jinja.

Mfanyabiashara wa mpakani anahusika. Ndoo ya vifaranga vya samaki ikivushwa kwa njia ya panya, kisha ikamwagika mtoni, hasara yake haiishii kwa mwenye ndoo. Hakuna faini inayoweza kuwarudisha.

Hata hivyo, lawama zisimwangukie mchuuzi peke yake. Anayesubiri kibali siku kadhaa huku samaki wake wakifa atashawishika kuzunguka. Serikali za kanda zikubaliane cheti kimoja cha ukaguzi, kinachotolewa mpakani siku hiyohiyo, kwa ada nafuu na kutambuliwa pande zote mbili. Naye mfanyabiashara akipite kituo na mzigo wake mchana kweupe.

Maji yakishamwagika hayazoleki, sembuse yakiwa na samaki ndani yake.