Batli ya Programu

Wako waandishi wa programu za kompyuta wajisifuo kwamba programu zao hazitoi makosa. Mara nyingi makosa yapo, ila yamezibwa mdomo. Mwandishi huizungushia kazi yake yote amri moja ya kudaka kila hitilafu, kisha ndani ya amri hiyo haandiki neno. Hudai kwamba hataki kumtisha mtumiaji. Karani wa Kilindoni, kisiwani Mafia, aonapo kuwa stakabadhi aliyoiandika haikuhifadhiwa, hana la kueleza ila “imegoma”, na mwandishi aliyeko Dar es Salaam, ng'ambo ya bahari, hana pa kutazama.

Mafia ni kisiwa cha wanamaji, na wanamaji waijua batli, daftari ambalo nahodha wa meli huandika mwendo wa chombo chake. Programu nayo yataka batli. Hitilafu isiyotazamiwa, ikakosa wa kuishughulikia, yapasa kuandikwa kabla programu haijasimama: saa, aina yake, na mfuatano wa amri zilizoifikisha hapo. (Majina ya wagonjwa na maneno ya siri yasiingie humo kamwe.)

Husemwa kwamba batli ni mzigo, hujaza nafasi bure. Wasemao hivyo na waitazame roketi ya Ariane 5, iliyorushwa Kourou tarehe 4 Juni, 1996. Zilipotimia kama sekunde 40 iliacha njia, ikavunjika. Namba moja ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake ya biti 16, hitilafu ikakosa wa kuishughulikia, na kifaa cha kupimia mwelekeo kikajizima. Kile cha akiba kilikuwa kimekwisha kuzimika kwa sababu iyo hiyo. Taarifa ya hitilafu ilipita katika njia ya habari za safari, kompyuta kuu ikaidhania ni mwelekeo wa roketi. Hilo lilikuwa kosa juu ya kosa, kwani batli haina budi kuwa na mahali pake. Lakini kifaa kilikuwa pia kimeandika hali yake katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Vipande vilianguka penye mikoko, jamii ya miti iotayo pia pwani za Mafia. Kifaa kikatafutwa, kikapatikana, kikasomwa, na ripoti ikatolewa tarehe 19 Julai mwaka uleule.

Basi, mwandishi wa programu ya stakabadhi ana udhuru gani? Kompyuta yake haikuanguka kutoka angani. I mezani pa karani, nzima, na ndani yake hamna neno lililoandikwa.