Kioo Kinafunikwa, Pua Inaachwa Wazi

Katika gereji zetu za mitaani, gari linaheshimiwa kuliko anayelipaka rangi. Kabla rangi haijapulizwa, vioo hufunikwa kwa magazeti, taa huzibwa, matairi huvishwa magunia. Kila kinachoweza kuharibiwa na rangi hukingwa. Kisha kijana wa miaka 17 hujifunga fulana kuukuu puani na kuambiwa aanze kazi.

Mimi nilishika bomba la kupulizia kwa mara ya kwanza Kiberege, katika gereji ya chini ya mwembe, kando ya barabara ya Kidatu hadi Ifakara. Gari lilikuwa Bedford la zamani la jeshi, ambalo mwenyewe alilitaka kwa kubebea mpunga. Rangi ya jeshi ilibidi iondoke, maana hakuna raia anayetaka kusimamishwa kila kizuizi na kuulizwa kwa nini lori lake limevaa sare. Tulilikwangua kwa msasa mkavu. Chini ya kijani ikatokea rangi ya mchanga, na chini ya mchanga praima nyekundu iliyoshikana na kutu. Jioni tulikohoa makohozi ya kijani, tukacheka kwamba sasa na sisi tumeandikishwa jeshini.

Leo sicheki. Rangi za zamani za magari, hasa za kijani na njano, pamoja na praima za kuzuia kutu, mara nyingi zilitiwa risasi na kromati. Risasi hii haina mlio. Huingia kwa vumbi, hukaa kwenye damu na mifupa, na fundi huibeba kwenye nguo mpaka nyumbani, anakorukiwa na mtoto wake mdogo. Kukwangua kwa msasa wa maji kungepunguza sana vumbi hilo, na maji bondeni kwetu si kitu cha kutafuta.

Rangi mpya nayo ina yake. Rangi nyingi za kung'aa huchanganywa na hadina ili zikauke na kuwa ngumu. Ndani ya hadina hizo kuna kemikali za jamii ya isosayaneti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya pumu ya kazini duniani. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo mno kinaweza kumbana mtu pumzi. Fulana haizuii mvuke huo. Barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa Korona haizuii pia.

Utetezi wa mafundi wakubwa naujua kwa moyo. Wa kwanza ni maziwa: kunywa pakiti moja baada ya kazi, kifua kinasafishika. Maziwa huenda tumboni, rangi huenda mapafuni. Hizo ni njia mbili, na hakuna fundi anayetia mafuta ya injini kwenye rejeta akitumaini yatafika. Wa pili ni kwamba nao walijifunza hivyo hivyo na bado wapo. Wanaosema hivyo ni waliobaki. Waliobanwa kifua wakarudi kulima hatuwasikii gereji. Wa tatu ni kwamba barakoa ni ghali. Jumlisha praima, rangi, tina na hadina za lori zima, halafu uniambie ni kitu gani hasa kilichoshindikana kununuliwa.

Uzembe huu una historia. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu rangi yenye risasi nyeupe, ukazuia vijana wa chini ya miaka 18 kufanya kazi za viwandani za rangi hiyo. Lakini mkataba huohuo uliruhusu mamlaka kuwaachia wanagenzi, kwa sababu wanajifunza kazi. Yaani aliyekuwa hajui hatari ndiye aliyefunguliwa mlango. Kwetu ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kijana wa chini ya mwembe hana mkataba, mwajiri wake hachangii, jina lake haliko popote. Lori likibadilishwa rangi, kadi yake inatakiwa kurekebishwa TRA. Aliyelibadilisha haandikwi.

Msiniambie watu wetu hawawezi kulipia kinga. Kilombero na Ulanga ndiko mradi wa KINET ulikoanza kuuza vyandarua vyenye dawa mwaka 1997. Watu wakanunua, na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukaonyesha kuwa uhai wa watoto wadogo waliolala ndani yake uliongezeka kwa asilimia 27. Bonde hili lilikubali kulipia kitambaa cha matundu kwa sababu ya mdudu asiyeonekana gizani. Litashindwaje kuelewa mvuke?

Na huo mng'ao ni wa nini? Jeshi lilichagua rangi isiyong'aa makusudi, ili jua lisiwaumbue askari. Lori la mpunga halihitaji kumeta kama gari la harusi. Rangi ya kawaida isiyo na hadina, ikipakwa kwa brashi, inalitosha. Anayetaka mng'ao alipie gharama yake yote: barakoa yenye vichujio vya mkaa na vya vumbi, au bora zaidi hewa safi inayoletwa kwa mpira, na mahali ambapo watoto na mama lishe hawapiti.

Fundi mkuu hatabadilika kwa kuhurumiwa, atabadilika mteja akikataa. Ndugu msomaji, siku ukipeleka gari kupigwa rangi, usianze na bei wala siku ya kulichukua. Uliza kwanza anayepuliza atavaa nini. Wakikuonyesha fulana, washa gari uondoke.