Wimbo unapumzikia wapi?

Kijana wetu, weye unayeanza kujifunza violoni, umekamata wimbo kwa masikio. Rafiki wa gitare anauliza: «Iko mu toni gani?» Unanyamaza. Anabahatisha, na wote wawili munapata haya mbele ya watu.

Usikimbilie kuhesabu dieze. Mimi nilidanganyika hivyo na Old Joe Clark, wimbo wa violoni wa kule Marekani. Tukiupiga mu la, ndani yake muko fa dieze na do dieze. Kitabu kinasema dieze mbili ni re. Basi gitare ikamalizia re, na wimbo ukabaki unaning'inia. Juu ya nini? Juu wimbo ule unarudia la kila mara. Sol yake tu njo haina dieze.

Fanya hivi: mwenzako aimbe pole pole mpaka mwisho. Weye pitisha upinde kwa uzi mmoja mmoja: sol, re, la, mi. Uzi ule usiogombana naye pale anapomalizia, njo fasi ya wimbo. Kama zote nne zinakataa, tafuta kwa kidole, do ao fa. Kisha mwambie wa gitare.