Msimbo Katika Tasnifu ya Kiswahili

Aghalabu hudaiwa katika idara za Kiswahili kwamba kuandika ripoti kwa msimbo ni shughuli ya wanatakwimu na wahandisi. Dai hilo halina mashiko.

Tuchukulie mtafiti anayelinganisha mitaa miwili yenye jina moja, Majengo ya mjini Meru na Majengo ya mjini Embu. Anachunguza jinsi wasemaji wa Kimeru na Kiembu wanavyobadilishana sauti l na r wazungumzapo Kiswahili. Kati ya watafitiwa 40, 14 wanazibadilishana, yaani asilimia 35. Msimamizi anasikiliza rekodi na kuagiza watafitiwa wawili waondolewe kwa kuwa sauti zao hazisikiki vyema. Mmoja wao alikuwa miongoni mwa wale 14. Sasa ni 13 kati ya 38, asilimia 34.2. Kukokotoa ni rahisi. Kazi ni kuisaka ile 35 ilikojificha: katika ikisiri, jedwali la sura ya nne, mchoro, hitimisho na slaidi za kongamano. Nani hajasoma tasnifu ambayo ikisiri yake inadai hili na jedwali linadai lile?

Atumiaye R Markdown, au Quarto iliyotangazwa mwaka wa 2022, haandiki 35 popote. Huandika agizo la kusoma data na kukokotoa. Data ikirekebishwa na faili kuendeshwa upya, tasnifu na slaidi hubadilika pamoja. Mwaka wa 1984 Donald Knuth, mbunifu wa TeX, alipendekeza programu zichukuliwe kama kazi za fasihi, ziandikwe ili zisomwe kwanza na binadamu. Ni kinaya kwamba watu wa fasihi ndio wanaozikimbia zana zilizotokana na fikra hiyo!

Ugumu upo. Alama moja ikikosekana, hati nzima hukataa kutoka. Msimamizi naye hutaka faili ya Word. Zana hizi huitoa, lakini maoni yake sharti yarudishwe kwa mkono katika chanzo. Isitoshe, msimbo hausikilizi rekodi: l ikinukuliwa kimakosa kuwa r, kosa hilo litaenezwa kila mahali kwa unadhifu mkubwa.

Lililo zito zaidi ni la lugha yenyewe. LaTeX isipoelekezwa vingine, hutaja majedwali na michoro kwa Kiingereza na kukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani. Silabi ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida huishia kwa irabu, inakatwa na kanuni isiyoijua. Mhandisi hawezi kulaumiwa kwa hilo. Mwanafunzi wa fonolojia wa mwaka wa pili anajua mahali neno "mwanafunzi" linapostahili kukatwa, na anajua kuwa ng' haigawanyiki. Idara zinazofundisha mbinu za utafiti zingeweza kumpa zoezi la kuandika kanuni hizo muhula huu huu.