Kitufe cha Tatu

Wengi wetu tukimkuta kijana amekodolea macho mchezo wa vita kwenye kompyuta, kauli yetu ni moja tu: "Zima!" Sisi tunaona ni vyema kwanza tukae tuangalie anacheza nini.

Chukueni mfano wa Rome: Total War, mchezo uliotengenezwa na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza na kutolewa mwaka 2004, kisha ukatolewa tena kwa sura mpya mwaka 2021. Mchezaji huongoza majeshi ya Warumi wa kale. Akiwarundika askari wote mbele, hujikuta hana wa kuziba pengo. Akifuata mpango wa Warumi wenyewe, mambo humnyookea: mbele vijana walioitwa hastati, nyuma yao principes waliokomaa, na mwisho triarii, wakongwe wa vita wenye mikuki mirefu. Safu za mbele hurusha mikuki kwanza, ndipo huchomoa panga. Wakongwe huwekwa mpaka mambo yawe mazito. Akiba haiozi, hata vitani.

Ipo pia mbinu ya kobe. Askari huunganisha ngao mbele, ubavuni na juu ya vichwa ili mishale isipenye. Lakini kobe huenda polepole, na adui akimkaribia huwa mnyonge. Mwaka 53 kabla ya Miladi, huko Carrhae, jeshi la Crassus lilipojibana kukwepa mishale, lilivamiwa na wapanda farasi wa Parthia wenye deraya. Lilipotawanyika, mishale ikarudi. Mwandishi Plutarch anataja waliouawa 20,000 na mateka 10,000. Kijana akilielewa hilo, amejua kwamba hakuna mbinu moja inayofaa kila mahali. Hiyo ni elimu, tusiidharau.

Tatizo huja baada ya vita. Mji ukitekwa, mchezo hutoa vitufe vitatu: kuukalia mji, kuwatia wakazi utumwani, au kuwaangamiza. Anayeangamiza hupata fedha nyingi, na mji hutulia. Mtoto mwerevu hachelewi kuligundua hilo. Warumi wa kweli waliwahi kufanya hivyo: mwaka 146 kabla ya Miladi waliuteketeza mji wa Carthage, katika Tunisia ya leo, na walionusurika wakauzwa. Kwenye kioo cha kompyuta, kilio chao hakisikiki.

Wapo wanaosema ni mchezo tu, hakuna anayekufa. Ni kweli. Lakini jambo linalorudiwa kila usiku, tena kwa zawadi, hujenga mazoea ya fikra.

Hapo ndipo mzazi anapohitajika. Tumuulize, "Mwanangu, hawa watu wa mji wana kosa gani?" Tumsimulie kwamba jeshi la Waislamu lililokwenda Sham kupigana na Warumi wa mashariki liliusiwa na Sayyidna Abubakar lisiue wanawake, watoto wala wazee, wala lisikate miti ya matunda. Vita vile vilikuwa vya kweli, na bado viliwekewa mipaka.

Basi kompyuta ikae sebuleni, saa za kucheza zijulikane, na walau mara moja kwa wiki mzazi aketi pembeni mpaka mji utekwe. Kijana akichagua kitufe cha kwanza ilhali cha tatu kina fedha zaidi, tutajua maneno yetu yamemwingia.