Kama haikuandikwa, haihesabiwi: kwa nini vipimo vya mvua, mito na maziwa yetu vinabaki kwenye kabati

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, maji na mawe yalishuka toka milimani yakafagia Bushushu na Nyamukubi, katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa. Siku mbili mbele ya pale, mvua kali ilikuwa imeua watu zaidi ya 100 ng'ambo ya ziwa, Rwanda. Kila mtu alibaki na swali moja: ni hali ya hewa inayobadilika njo ilileta mambo haya, ao ni miti tuliyokata, ao ni nyumba tulizojenga kwenye njia ya mto?

Wanasayansi wa kundi la kimataifa World Weather Attribution walijaribu kujibu. Kazi yao ni kupima kama msiba fulani umeongezewa nguvu na mabadiliko ya hali ya hewa. Mwezi wa sita mwaka ule walitoa ripoti yao, na jibu lilikuwa fupi: hatuwezi kusema. Hawakusema kwamba mabadiliko hayana sehemu. Walisema data ya mvua kuzunguka Ziwa Kivu ni pungufu mno, haiwezi kubeba jibu.

Tukae kidogo juu ya jibu hilo. Mamia ya watu wamezikwa, na sayansi inashindwa kusema kwa nini, juu hakuna namba za kutosha. Kiisha tujiulize: hizo namba kweli hazipo, ao zipo fashi ambapo hakuna anayeweza kuziona?

Zipo wapi?

Mtu aliyesoma Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ao Kisangani anajua jibu. Kila mwaka wanafunzi wanapima udongo, wanahesabu samaki, wanachukua maji ya mto kwenye chupa, wanaandika joto na mvua kwenye kaye. Kituo cha Lwiro kiko na kazi ya sayansi tangu mwaka 1947, wakati kiliitwa IRSAC. Kule Uvira, kituo cha haidrobiolojia kinafuata maisha ya Ziwa Tanganyika. Kule Goma, watu wa OVG wanalinda Nyiragongo usiku na mchana. Lakini sehemu kubwa ya kazi za shule inaishia kwenye memwari: inatetewa mbele ya jury, mwanafunzi anapigiwa makofi, kitabu kinaingia kabati. Panya na maji ya mvua njo wasomaji wake wa mwisho.

Hatusemi kwamba kaye ya mwanafunzi mmoja ingejibu swali la Kalehe. Tunasema hivi: mtu wa nje akitaka kujua mvua ya kwetu, hafungui kabati la fakilte. Anatafuta katika majarida ya kisayansi. Kisichokuwa kule, kwake ni kama hakikutokea.

Na kaye ya zamani inaweza kuamka. Kule Yangambi, jimbo la Tshopo, kati ya 1937 na 1958 wafanyakazi walitembea porini juma kwa juma wakiandika mti gani umetoa maua, gani umeangusha majani. Vitabu vile vililala miaka mingi. Karne hii watafiti walivipiga picha, wakavinakili, na watu wa kujitolea kwenye intaneti wakasaidia kuvisoma. Leo vinatumika kueleza namna msitu wa Kongo unavyofuata misimu. Waliopima hawakujua kazi yao itafaa nani. Ilifaa juu iliandikwa vizuri, kila juma, kwa namna ileile.

Mlango wa kwanza: swali

Kwa nini basi kazi nyingi hazifiki? Wengi wanasema: "Wazungu wanatukataa." Wakati mwingine ubaguzi uko kweli. Lakini muswada mwingi unakufa mbele hata haujasomwa na wapimaji. Mhariri wa jarida anaufungua, anasoma kichwa, muhtasari na barua ya kuusindikiza, na ndani ya siku chache anaurudisha. Sababu zake zinafanana kila fashi duniani.

Ya kwanza ni swali. Memwari inaweza kuitwa "Hali ya maji ya mto fulani katika komine fulani". Jury inakubali. Jarida halikubali, juu msomaji wa Brazil ao wa Indonesia anauliza: hiyo inanifundisha nini mimi? Kazi ileile ikiuliza "soko na machinjio vinabadilisha vipi maji ya mto mdogo wa mji wa milima?", sasa inaongea na watu wengi. Mto haukubadilika, ni swali njo limepanuka.

Tuko na mfano wa karibu. Mwezi wa nane 2025, jarida la Nature, moja kati ya makubwa kabisa duniani, lilichapisha makala juu ya mashimo ya erozioni yanayokula miji ya Kongo. Mwandishi wa kwanza ni Guy Ilombe Mawe, wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu. Kundi lake lilihesabu mashimo 2 922 katika miji 26, na likakadiria kwamba kati ya 2004 na 2023 watu karibu 118 600 walipoteza makao. Mtu wa Bukavu ao wa Kinshasa hakuhitaji Nature imwambie kwamba erozioni inameza nyumba. Lakini mbele ya makala ile, kila mji ulikuwa unalia peke yake. Sasa iko hesabu ya inchi nzima, na hakuna waziri wala mfadhili anayeweza kusema ni mambo ya avenue moja.

Mlango wa pili: namna ulivyofanya

Sehemu ya mbinu njo inaangusha wengi. Mpimaji hakuona ulipopima. Anataka kujua: ulichukua maji mara ngapi, saa ngapi, fashi gani kwa namba za GPS, kwa chombo gani, chombo kile kilirekebishwa lini, na kama kazi ilikuwa ndani ya mbuga, ruhusa ya ICCN iko wapi. Ukipima mara moja tu, katika kiangazi, usiseme "mto huu umechafuka". Sema "siku hizi, katika kiangazi, tulipata hivi". Mpimaji anasamehe kazi ndogo inayosema ukweli, lakini hasamehe kazi ndogo inayojivika nguo kubwa.

Vita pia inaingia hapa. Barabara ikifungwa, mwezi wa nne unakosa vipimo. Wengine wanaona haya, wanajaza pengo kwa kukisia. Hiyo ni kuua kazi nzima. Andika wazi: mwezi huu hatukufika, sababu ya usalama. Pengo lililoelezwa ni data. Pengo lililojazwa kwa uongo ni wizi, na siku moja litaonekana.

Kiisha kuna mambo madogo yanayochosha: kufuata kanuni za jarida juu ya urefu, picha na namna ya kutaja vitabu, kutonakili maneno ya wengine, juu programu za kukamata unakili zinasoma kila muswada, kueleza data itapatikana wapi, kutuma kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Kutuma kwa matatu ili kuona nani atajibu kwanza ni kosa linaloweza kukufungia milango yote mitatu.

Na jibu likirudi na kurasa tano za lawama, usilie. "Rekebisha sana" maana yake mlango uko wazi. Unajibu hoja kwa hoja, kwa heshima: hapa nimebadilisha, hapa sikubali, na sababu ni hii. Wengi wa kwetu wanaacha pale, wakiamini wamekataliwa. Muswada uliokuwa karibu kufika unarudi kabatini.

Lugha na dola

Mtafiti wetu anaota kwa Kiswahili ao Kinande ao Mashi, anasoma kwa Kifaransa, na jarida linamwomba Kiingereza. Huo ni mzigo ambao mwenzake wa London habebi. Lakini si kila jarida linafunga mlango: VertigO la Kanada, na Bois et Forêts des Tropiques la Ufaransa, yanapokea makala za Kifaransa juu ya mazingira na misitu. Kwa Kiingereza, mtandao wa AuthorAID unaunganisha bila malipo watafiti wa inchi kama zetu na wenye uzoefu wanaokubali kuwasaidia.

Dola ni kizuizi kingine. Majarida mengi ambayo kila mtu anaweza kuyasoma bure yanamdai mwandishi, mara nyingi zaidi ya dola 2 000 kwa makala moja. Kwa asistenti anayengoja mshahara, hiyo ni hadithi. Tena, tangu mapigano yalipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 na banki kufunga, hata mwenye pesa alipata shida ya kuituma.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui. Wachapishaji wakubwa wengi wanaondoa malipo hayo kwa watafiti wa inchi maskini, na Kongo iko kwenye orodha. Masharti ni mawili: kuomba wakati wa kutuma muswada, si kisha kukubaliwa, na mara nyingi mwandishi anayewasiliana na jarida awe na anwani ya Kongo. Kama professa wa Ulaya ndiye amewekwa pale, nafasi inaweza kupotea. Na majarida mengi ya zamani, yale yanayouzwa kwa maktaba, hayamdai mwandishi kitu akiacha makala ibaki kwa walionunua.

Vilevile kwa kusoma. Mpango wa Research4Life, pamoja na tawi lake la mazingira lililoanzishwa 2006, unafungulia vyuo vya inchi kama yetu maelfu ya majarida bila kulipa. Anayejiandikisha ni chuo, si mtu mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kumuuliza mkubwa wa maktaba swali moja tu: sisi tumejiandikisha?

Wezi wa mlangoni

Fashi kuna watu wenye haraka, wezi hawakosi. Kupanda daraja toka asistenti mpaka CT kunaomba makala zilizochapishwa, na wezi wanalijua hilo. Barua inaingia kwenye simu: "Ndugu Profesa mtukufu, tumevutiwa na kazi yako, tutachapisha ndani ya siku tano, tuma dola 150." Hakuna mpimaji, hakuna masahihisho. Makala inatoka, cheo kinapatikana labda, lakini data imezikwa fashi ambapo hakuna mtu wa maana atakayeitafuta, na huwezi tena kuituma kwingine.

Alama zao si ngumu kuzijua. Jarida linalokuita mtukufu bila kukufahamu. Linaloahidi kukubali mbele ya kusoma. Linaloficha bei mpaka mwisho. Lenye wahariri wasiojua kwamba majina yao yako pale. Angalia kama liko katika orodha ya DOAJ, na pitia maswali ya Think. Check. Submit., yaliyotengenezwa kwa ajili ya hatari hii.

Jina la nani?

Limebaki jambo ambalo linauma. Mara nyingi mgeni anakuja na mashine, wa hapa anajua njia, anaongea na chifu, anabeba chupa, anapima miezi sita. Makala inatoka, na jina lake halipo, ao liko katika mstari wa shukrani. Upande wetu pia si safi: kuna wakubwa wanaoomba jina lao litangulie kwenye kazi ambayo hawakuisoma.

Dawa ni kuongea mapema. Mbele ya kupima tone la kwanza, muandike kwa karatasi: nani atakuwa mwandishi, kwa mpangilio gani, data itakaa wapi, nakala itabaki chuo gani cha hapa. Mgeni mwenye nia nzuri hatakasirika.

Na wewe usiye mtafiti?

Mkulima wa Minova ao mvuvi wa Baraka anaweza kusema hayo ni mambo ya watu wa diplome. Hapana. Mtoto wako akiandika memwari juu ya mto wenu, muulize: kisha jury, itaenda wapi? Wakija watu kupima kisima chenu, waulizeni lini watarudisha majibu, na kwa lugha gani. Radio yetu iko tayari kutoa nafasi kwa mtafiti yeyote atakayekuja kueleza kwa Kiswahili alichokipata kwenye mlima wetu ao ziwa letu. Jarida linaipa kazi uzito mbele ya dunia, lakini anayeishi chini ya mlima njo anapaswa kuisikia wa kwanza.

Mvua ya mwezi wa tisa inarudi kila mwaka, na milima ya Kalehe iko palepale. Msiba mwingine ukija, mtu fulani mbali atafungua kompyuta na kutafuta namba zetu. Atakachokuta kinategemea kaye zinazoandikwa leo, na zile ambazo mtu mmoja ataamua kuzitoa kabatini juma hili.